Kadi Uliyozikwa Nayo

Baba Neema,

Nakuandikia nikiwa hospitalini, chumba cha mwisho kwenye korido, kile chenye mlango mzito na ile alama ya manjano iliyokuwa ubavuni mwa gari lako. Nimekaa kitandani na soksi miguuni na sweta mbili mwilini, na huko nje jua linawaka. Nangoja sanduku. Lile lile lako. Likifika leo nitameza kidonge, mlango utafungwa, na nitabaki humu peke yangu siku kadhaa mpaka mwili upoe. Lisipofika, daktari amesema nitarudishwa kwenye tembe zangu za tezi za kila siku na nianze upya miezi ijayo, na kile kilichobaki shingoni kiendelee kunila kinavyotaka.

Mimi na kalamu si marafiki, unajua. Hata salamu za nyumbani nilikuwa nakwambia uniandikie. Lakini muuguzi amenionya nisiingie na kitu ninachokipenda, kwa sababu nikishameza, jasho langu litakigusa na huenda kisitoke humu haraka. Basi nikaja na daftari la Neema lililobaki kurasa. Barua itakayoandikwa humu haiwezi kupewa mtu aliye hai. Nikaona, haya, wa kumwandikia yupo, ni wewe.

Na anayelileta hilo sanduku leo unamjua. Rukia.

Ngoja nipumue kwanza.

Naona wivu, Baba Neema. Niliona wivu miaka yote uliyofanya kazi ile, na sijaacha eti kwa sababu umekufa. Watu husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga, niliuza samaki. Lakini kila ngege niliyemkata kichwa pale sokoni Umoja, kuna jina nililokuwa nikilitaja moyoni, na wewe ulikuwa unalijua.

Unakumbuka ulipopata ile kazi? Ulinikalisha kwenye kochi ukanisomea masharti kama mchungaji anayefungisha ndoa. Ukasema dawa utakazobeba kutoka uwanja wa ndege ni za miale, zinatibu saratani, nyingine zinasaidia kupiga picha viungo vya ndani. Lakini sheria inayozilinda ni ndugu wa ile inayolinda vitu vya mabomu. Sheria haiulizi kama ni dawa, ulisema. Inauliza mtu mbaya akiiba atafanya nini nayo. Kwa hiyo njia ni siri. Saa ni siri. Simu inazimwa. Gari halisimami ovyo, halibebi mtu wa kando. Na gari haliwi na mtu mmoja, lazima wawe wawili, waliochunguzwa na kupitishwa, na hakuna wa kumwacha mwenzake.

Nikakuuliza huyo wa pili ni nani. Ukasema, "Ni mtu wa kazi tu." Mtu wa kazi! Ilinichukua miezi kujua kwamba mtu wa kazi anavaa buibui, anaishi mtaa wa Jericho, ameachika, na ana mwanya.

Ebu jiweke mahali pangu. Mume anatoka kwetu Pipeline kabla sijawasha jiko, simu imezimwa, hawezi kusema alikopita, hawezi kusema alichelewa wapi, na muda wote huo amekaa bega kwa bega na mwanamke ambaye sheria inamkataza kumwacha. Mimi ninayekufulia nilikuwa nakuuliza, "Leo mlipitia wapi?" na wewe unajibu, "Nabwire, hiyo siwezi." Nikauliza, "Rukia anaijua?" Ukasema, "Anaijua." Hukujua kudanganya, hiyo ndiyo shida yako. Mwanamume mwingine angesema hapana, nikalala. Nilikwambia serikali imekuoza mke wa pili bila kuniletea hata leso ya kunipoza. Ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi sikucheka.

Na jina lako! Tangu Neema azaliwe sijawahi kukuita jina lako, si mbele za watu, si chumbani. Wewe ni Baba Neema. Huyo akija kukuchukua anasimama chini ya gorofa na kupaza sauti, "Wandera! Wandera!" kama anaita kuku wake. Nilikuwa nafungua dirisha nimwage maji. Mara moja yalimpata.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni lile la barabara ya Outer Ring. Nilikuwa nimesimama pembeni ya barabara na karai la samaki kichwani, nangoja kuvuka, na gari lako likaja likakwama kwenye foleni mbele yangu kabisa. Wewe kwenye usukani. Yeye kando yako anasema jambo, na wewe unacheka. Sikuwahi kukuona ukicheka hivyo nyumbani, na mabega. Halafu ukaniona. Najua uliniona, kwa sababu kicheko kilikatika. Ukageuza macho mbele, foleni ikasogea, ukaenda. Mkeo! Na karai kichwani!

Siku hiyo nilikupikia, nikakuandalia, nikakaa kimya mpaka ukakosa raha. Ukasema, "Nikiwa na sanduku simjui hata mama yangu." Nikakuuliza, na yeye je, naye humjui?

Sasa nikwambie jambo ambalo halijawahi kunitoka mdomoni. Ni wewe uliyeliona hili donge. Mimi nilikuwa nalifunga leso na kulisahau. Ulikuwa unanifungia mkufu tukienda harusi, ukaweka kidole hapa chini ya koo, ukakiacha hapo. Ukasema tu, "Kesho tunaenda hospitali." Hukunisikiliza, ulinipeleka. Walipokata kipande na kusema ni saratani ya tezi, na kwamba baada ya upasuaji nitahitaji kidonge cha miale kuunguza masalia, wewe ndiye uliyekaa chini kwenye benchi, si mimi. Halafu ukainua kichwa ukasema, "Hiki nitakuletea mwenyewe. Miaka yote nimebeba vya watu nisiowajua. Hiki nitajua ni cha nani."

Nilifurahi, Baba Neema. Mtu anaambiwa ana saratani na yeye anafurahi! Nilisema moyoni, siku hiyo, huyo Rukia akae pembeni yako atake asitake, lakini safari itakuwa yangu.

Halafu presha ikakuangusha pale kwenye ngazi, mkate mkononi. Majirani wakasema ni miale imekula damu. Niliwafokea. Nilijua unavyopimwa, nilijua presha yako na nilijua chumvi uliyokuwa ukijiongezea nikigeuka. Sikuwa na nguvu ya kubishana na ploti nzima, ila niliwafokea.

Kuhusu mazishi, hukuona, basi nikuhadithie. Ojiambo, ndugu yako, ndiye aliyekuvisha. Alikuvalisha suti ya kijivu, akachukua kadi yako ya kazi, ile yenye picha na muhuri, akakuvika shingoni na utepe wake. Akasema kijiji kizima kione ndugu yao hakuwa dereva wa lori la mchanga. Kampuni ilikuwa imempigia simu kuiulizia hiyo kadi, naye akawaambia ataileta matanga yakiisha. Kisha akaenda akakuvika! Hukuwa na ndugu mwenye akili nyingi, tuseme ukweli, lakini alikupenda. Na ulipendeza. Wazee wa kwenu Samia waliokuwa wakisema uliishia Nairobi kuosha magari walisimama kwenye jeneza wakasoma kadi herufi moja moja.

Basi watu wamepanga foleni kukuaga chini ya turubai, mimi nimekaa kichwani pako, kwaya inaimba. Akaja. Buibui nyeusi, macho mekundu. Akainama, akakutazama muda mrefu kuliko dada zako walivyokutazama. Kisha akanyoosha mkono, Baba Neema, akauweka kifuani pako.

Sijui nilinyanyuka vipi. Nilimchapa ule mkono mpaka kwaya ikayumba. Nikasema, "Hata hapa? Hata hapa!" Akataka kuninong'oneza kitu, "Mama Neema, hiyo kadi..." lakini nani alikuwa anasikia kadi? Nilimsukuma. Wanawake wakanishika, wengine wakamtoa nje ya turubai, na minong'ono ikaanza kama nyuki. Ukafungwa. Ukazikwa. Na kadi yako shingoni.

Mpiga picha wa mazishi alikuwa ameupata huo mkono. Aliporudi na picha zake na kuzitundika kwenye kamba ili watu wanunue, niliiona kabla ya wengine: wewe umelala, kadi kifuani imeng'aa, mkono wake juu yako, na wangu juu ya wake. Niliinunua nikaipeleka Nairobi nikaificha chini ya godoro, upande wako. Sikutaka mtu aione. Ila mimi niliitoa mara nyingi kuiangalia, usiniulize kwa nini.

Nilikuwa nimeshapasuliwa, na tarehe yangu ya dawa ilikuwa imeshapangwa. Hospitali ikanisimamisha tembe ili mwili uwe na njaa ya ile ayodini iliyomo kwenye dawa, ndivyo alivyoeleza daktari, wakanikataza na chumvi ya dukani, maziwa, mayai. Nikawa mtu wa ugali na sukuma wiki isiyo na chumvi na chai ya rangi. Samaki wangu mwenyewe nawakaanga, nawapaka chumvi, siwezi kuonja. Wateja wakaanza kulalamika, leo wana chumvi nyingi, kesho hawana. Bila zile tembe, mwili uligeuka gunia. Baridi kwenye jua la mchana. Uso umevimba. Maneno yananitoka polepole, na mimi ninavyopenda kusema. Neema ananiambia, "Mathe, tulia, nitakuuzia," na huyo mtoto hajui kutofautisha mbuta na ngege.

Siku ya dawa ikafika, nikaja na mkoba wangu, wakanirudisha. Mzigo umefika uwanja wa ndege, wakasema, lakini haujatoka. Kuna suala la usalama. Rudi wiki ijayo. Nikarudi wiki ijayo. Haujatoka. Na wewe ulinifundisha dawa hii ilivyo, baada ya wiki moja na kidogo nusu yake imeshaondoka yenyewe, hata kama haijaguswa na mtu. Ulikuwa unasema umebeba barafu mkononi. Kwenye benchi tulikuwa kadhaa. Kulikuwa na msichana wa Kayole, mwembamba, ananyonyesha mtoto alipokatwa, akamwachisha kwa ajili ya dawa hii. Maziwa yamekauka, na dawa haijaja. Wenye uwezo waliambiwa waende India wakaenda. Sisi tuliambiwa tuvumilie.

Ile dawa ya kwanza ilifia kwenye stoo ya uwanja. Waliirudisha huko ilikotoka ikiwa maji matupu.

Ndipo Rukia akaja sokoni. Nilimwona tangu kwa muuza viazi. Nikashika kile kijiko kirefu cha mafuta. Akasimama mbele ya samaki wangu, hakuita jina la mtu, akasema, "Shikamoo Mama Neema." Mtu wa rika langu, shikamoo ya nini? Nikajua ana shida.

Alieleza pale pale nimemsimamisha juani. Kwamba kadi ile ndiyo inayofungua stoo ya uwanjani na getini inamwonyesha askari kwamba huyu ni mtu wa sanduku. Ulipokufa, sheria ilitaka kadi irudi mkononi, au ithibitishwe iko wapi, ndipo mtu mwingine aruhusiwe kukaa nafasi yako. Nikamwambia si waizime? Akasema waliizima siku ile ile, lakini kadi iliyozimwa bado ina picha na muhuri, na mtu mjanja anaweza kumpitia nayo askari mwenye usingizi. Alipowaambia aliiona ikizikwa, walisema yeye ni mhusika, neno lake pekee halitoshi. Na yeye peke yake haruhusiwi hata kuwasha gari likiwa na mzigo, lazima wawe wawili. Kwa hiyo gari limesimama. Kwa hiyo mzigo umelala uwanjani. Kwa hiyo mimi nakula ugali bila chumvi.

Akamalizia, "Siku ile nilikuwa naitoa kadi, Mama Neema. Nilijua haya yatakuja."

Msiba wa kujitakia hauna kilio, najua. Lakini nitakwambia kilichonijia kwanza, kwa sababu wewe umekufa na huwezi kunitangaza. Sikuwaza saratani. Sikumwaza yule msichana wa Kayole. Niliwaza: kumbe alikuwa anataka kadi, hakuwa anataka kifua. Nikapoa moyoni kama niliyemwagiwa maji. Halafu nikakumbuka jinsi alivyokutazama kabla ya kunyoosha mkono, na moto ukawaka tena. Kadi haiangaliwi hivyo. Mpaka leo sehemu moja ya moyo wangu inasema alitaka vyote viwili.

Hakutamka habari ya kufukua kaburi. Angetamka ningemrushia mafuta. Ojiambo nilipompigia alisema ukoo mzima utakufa mtu akigusa udongo ule, na safari hii nilimuunga mkono. Rukia akauliza tu, "Hakuna picha? Hata moja inayoonyesha kadi?"

Ilikuwepo moja. Wewe unajua ilikuwa wapi.

Nililala nayo usiku mmoja zaidi, asubuhi nikaenda. Tulikutana mlangoni kwa hao wenye sheria, watu wa usalama wa nyuklia, mimi na picha yangu, yeye na barua ya kampuni, na Ojiambo ameshaapa mbele ya chifu huko nyumbani na karatasi yake ikatumwa. Afisa alikuwa kijana mwenye miwani, mpole. Akaichukua picha akaisogeza kwenye dirisha. Akaona kadi, akasoma namba, akaridhika. Lakini hakuirudisha chini. Akaendelea kuitazama. Akauliza, "Huyu anayempiga mwenzake mkono ni nani?"

Nikasema, "Ni mimi. Mkewe."

"Na huyu anayepigwa?"

Rukia akasema, "Ni mimi." Kisha akaongeza, "Mtu wa kazi."

Neno lako lile lile! Nilitaka kucheka, nikataka kumpiga tena. Kijana akatazama mmoja, akatazama mwingine, akafunga faili na picha ndani. Sasa tumo humo sote watatu, milele, kwa mujibu wa sheria. Nimeomba nirudishiwe picha, wamesema haiwezekani.

Nilimuuliza yule kijana swali moja kabla ya kutoka. Nilisema, mwanangu, hii dawa inakufa yenyewe kila siku, na sheria yenu haina haraka, nyinyi mnaona sawa? Hakunijibu vibaya. Alisema kitu kile kikipotea kikaangukia mikononi mwa mjinga, watoto watakichezea, naye hatajua amwambie nini mama yao. Akasema pia angependa watu wawe wengi ofisini ili kazi iende mbio. Nikaona hata yeye ana lake. Lakini sikumwambia pole, nilikuwa na baridi.

Baada ya hapo Rukia alikuja tena sokoni mara moja. Alileta habari kwamba mtu mpya amepitishwa, na kwamba yeye Rukia ndiye amepewa usukani. Kiti chako! Nilikuwa namfungia mteja omena kwenye gazeti, nikazimwaga. Akasema, taratibu, kama anayeomba radhi, kwamba kiti hajakisogeza. Bado kiko nyuma kwa miguu yako mirefu. Yeye ni mfupi, anaendesha amekaa ukingoni, pedali anazifikia kwa vidole.

Hapo ndipo nilimchukia kwa kweli, na hapo ndipo nilimhurumia, kwa mpigo mmoja. Kwa sababu mimi nyumbani sijauosha mto wako. Nilidhani ni mimi pekee ninayefanya upumbavu wa namna hiyo. Nilimwambia, "Kisogeze. Kiti ni cha mume wangu, na mimi mkewe nimekwambia kisogeze, usije ukaua watu barabarani na dawa yangu ndani." Akaitikia kwa kichwa. Nikamfungia ngege mmoja mkubwa. Alitaka kulipa, nikakataa, na siyo kwa wema. Sikutaka aseme tumemalizana.

Ngoja. Kuna mtu anakuja kwenye korido. Naweka kalamu.

*

Limefika, Baba Neema.

Nimeshameza. Nilidhani kutakuwa na jambo kubwa. Ni kidonge tu, kama cha malaria, kimetoka kwenye kichupa kilichotoka kwenye chuma kilichotoka kwenye sanduku. Daktari amekishika kwa koleo na kurudi nyuma. Nimekunywa na maji. Hakiumi. Wamefunga mlango, wamenipa chupa za maji na ndimu za kumumunya ili mate yasikauke, na sasa naongea nao kupitia dirisha dogo. Muuguzi anasema yule msichana wa Kayole yuko chumba cha jirani naye amemeza. Nimegonga ukuta. Amegonga.

Na sikiliza. Miaka yote mlikaa na dawa hii gari moja, wewe na Rukia, imefungwa nyuma yenu kwenye chuma, hamkuigusa. Mimi imo ndani yangu. Iko hapa, pale pale ulipoweka kidole. Nimekaa nikatabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Muuguzi ameuliza nacheka nini nikamwambia ni mambo ya nyumbani.

Rukia alikuwa anasubiri kile chuma kitupu akirudishe. Akaja mpaka mlangoni, upande wa nje, akasimama nyuma ya mstari uliochorwa sakafuni. Anajua umbali wake, huyo. Tukatazamana kwenye kioo. Nikamuuliza lile ambalo wewe hukuwahi kunijibu. Nilisema, "Rukia, amekufa, mimi mwenyewe huenda nikamfuata. Niambie basi mlikuwa mnapita wapi."

Akatikisa kichwa. "Hiyo siwezi, Mama Neema."

Hata sasa! Nilitaka kuvunja kioo. Lakini pia, sijui nisemeje, nilisikia raha fulani, kwamba kuna mtu bado anatunza neno lako vile ulivyolitunza. Kisha akaharibu. Alivuka mstari, akaweka kiganja kwenye mlango akasema, "Namkumbuka Wandera kila asubuhi." Kila asubuhi! Mimi kuna asubuhi mbili tatu nilizoamka nikakusahau mpaka chai ilipochemka. Nikamwambia aende, mtu wa kazi mwenzake anamngoja garini. Akaenda.

Nimewaza jambo la kijinga nikiwa nimelala hapa. Nimewaza, nikifa nitakuja huko, tutakuwa wawili tu, na Rukia abaki na gari lake na njia zake. Usicheke. Kwa muda nililipenda kabisa wazo hilo. Kisha nikaona upande wa pili. Neema anakujua kama baba. Ojiambo anakujua kama ndugu. Lakini wanawake waliokaa ubavuni pako miaka hiyo, wakajua unavyonuna ukiwa na njaa na unavyoimba ukidhani husikiki, ni wawili. Mmoja akiondoka, anayebaki ndiye atakayekusimulia. Atasema Wandera alikuwa hivi, Wandera alikuwa vile, na hapatakuwa na mtu wa kumwambia, hapana dada, hapo umekosea.

Basi lala salama, mume wangu. Nakuahidi nitakunywa maji yao yote, nitazimumunya ndimu zao mpaka ulimi uchubuke, nitarudi kwenye tembe zangu, na nitapona. Siwezi kukuacha mikononi mwake.

Mkeo,
Nabwire